Kengele ya Muzee Ramazani

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita. Nyakasanza, Bunia

Tansio, yaani presha ya damu, za watu hamsini na moja tangu asubuhi. Mkono, mpira, pampu, andika, anayefuata. Kidole gumba kinauma.

Wote ni wachimbaji wa dhahabu. Wamepanga mstari katika parsele, kiwanja cha watu wa televisheni, tangu saa kumi na mbili, matope yamewakaukia kwenye buti. Wanataka kuingia katika mchezo. Mchezo unaitwa Nani Atabaki. Watu wanane watashushwa ndani ya shimo la zamani upande wa Mambasa, kamera zitawatazama, na kila siku saa tisa watazamaji watapiga kura kwa simu: leo tuwanyang'anye nini kwa muda? Taa? Blanketi? Maji? Atakayeshindwa atavuta kamba, kengele italia huku juu, atatolewa. Wa mwisho kubaki atapewa nyumba ya matofali hapa mjini, na hati yenye jina lake.

Mimi ni muuguzi wao. Centre yetu ya afya haina dawa tangu Pasaka, hata paracetamol. Nimeomba ruhusa ya mwezi mmoja, wamenipa bila kuuliza.

Jumanne, tarehe 3

Leo nimefanya jambo baya. Naliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Kaingia mzee mmoja, Ramazani. Amepita miaka hamsini. Mabega ya mtu aliyebeba mawe maisha yake yote, kofia ya sala mfukoni. Tansio yake kumi na saba juu ya kumi na moja, ya hatari. Nikamwambia apumzike, anywe maji. Nikapima tena. Kumi na saba.

Akaniambia, "Docta, hii mashine yako iko na uongo. Miye niko ndani ya mashimo miaka makumi mbili na sita. Ingenishinda, ingekuwa imeshanishinda."

Nikasema hapana. Ndipo akaniambia habari za mke wake. Yuko Bogoro, analima. Nyumba yao imeungua mara mbili katika vita. Sasa mama analala nyumba ya watu, na watu wameanza kuchoka naye.

"Andika kumi na tatu, Docta. Nakuomba kama vile mutoto anaomba mama yake."

Nimeandika kumi na tatu.

Ningependa kusema ni huruma. Lakini Direkta, mkubwa wa mchezo, alikuwa amesimama mlangoni. Jana alisema anataka mzee mmoja, kwa sababu nyumba zenye wazee zitapiga kura. Alinitazama, nami nilielewa. Kalamu haikutetemeka hata kidogo.

Jumamosi, tarehe 7. Kambi, upande wa Mambasa

Siku mbili barabarani, gari limenasa mara nne. Hapa ni msitu, matope, na mahema meupe. Hema la kamera ndilo kubwa. La matibabu ni dogo, ni langu.

Wameshuka leo. Wanane. Kila mmoja kafungwa mkanda kifuani, na kamashine kwenye kidole kananiletea huku juu hesabu ya hewa iliyo katika damu yake. Shimo lina vinywa viwili. Kwenye kinywa cha kwanza kuna winchi ya kuteremshia na kupandishia watu, kamba ya kengele, na mashine inayosukuma hewa ndani kwa bomba. Kinywa cha pili kiko hatua sitini, hewa chafu inatokea huko. Ndivyo wachimbaji walivyonieleza, si Direkta. Direkta hajui shimo. Anajua kamera.

Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa Kinshasa. Swahili yake ni ya kukwamakwama. Kwa kumtazama, si mtu mbaya. Anasalimia wapishi kwa majina, kila asubuhi anampigia mama yake.

Kila siku baada ya kura mimi naingia kwenye picha na kusoma hali za afya. Leo nilipaka poda. Nimejiona kwenye skrini, nikapenda.

Jumatatu, tarehe 9

Kura ya leo: taa. Giza likawaingia. Vijana wawili wamevuta kamba kabla ya saa moja kupita. Wametolewa, wameshika ardhi kwa mikono, wanacheka wanalia.

Rachel kaniandikia. Mdogo wangu huyo, tunakaa pamoja. Anasema Nyakasanza yote inaangalia, watu wanakaa kumi kumi kwenye simu moja. Sokoni wanamwita "dada ya Docta", muuza samaki kamwongezea. Nimesoma ujumbe mara tatu.

Jumatano, tarehe 11

Kura: maji. Wawili tena wametoka, midomo imepasuka. Wanne wamebaki.

Ramazani hasemi sana. Anasali kwa kukisia saa. Watazamaji wanampenda. Direkta anapiga makofi peke yake.

Alhamisi, tarehe 12

Mvua tangu alfajiri. Saa nne kinywa cha pili kimeanguka. Kimezibika kabisa, udongo mwekundu umejaa mpaka juu.

Nimemkimbilia Direkta. Nikamwambia sasa hewa inaingia kwa bomba tu na haina pa kutokea vizuri, tuwatoe wote wanne. Mwendesha winchi, ambaye naye alikuwa mchimbaji, akasema vilevile. Direkta akatusikiliza mpaka mwisho. Anasikiliza vizuri, hiyo ndiyo tabu yake. Kisha akasema asante, na akaenda hema la kamera. Alipotoka alikuwa na wazo.

Kesho hewa itawekwa kwenye kura.

Nimesema siyo. Nimesema kwa sauti. Kisha nimerudi hemani kwangu, na saa tisa nikapaka poda, nikasoma hali za afya.

Ijumaa, tarehe 13

Watu wamechagua hewa. Wangeweza kuchagua blanketi. Wangeweza kuchagua chumvi. Wakachagua hewa.

Mashine imezimwa nusu saa. Hesabu kwenye skrini yangu zikaanza kushuka: tisini na tano, tisini na moja, themanini na nane. Wawili wakavuta kamba, wakatolewa mara moja. Mmoja katapika juu ya viatu vyangu. Mashine ilipowashwa hesabu zikapanda. Direkta akaniambia, "Unaona? Hakuna kitu."

Wamebaki Ramazani na Charline.

Nina hasira, na sehemu yake ni juu yangu mwenyewe. Kama hesabu zisingepanda, ningekuwa nimeshinda bishano. Niligundua nilikuwa nangoja zisipande. Mtu wa aina gani huyo?

Jumamosi, tarehe 14

Leo hakuna kura. Siku ya mapumziko, ili hamu ya watu ipande.

Nimekaa mbele ya skrini na kuwatazama hao wawili. Charline ana miaka ishirini na minne, anaosha mchanga wa dhahabu mtoni, ana watoto wawili kwa mama yake. Mdomo mkali. Rachel na wenzake wote wako upande wake, wanasema wakati umefika mwanamke achukue nyumba.

Kuna jambo nimeliona, naliandika kama nilivyoliona. Ndani mna jiwe moja la juu, mtu anaweza kukaa kama kwenye rafu. Tangu Ijumaa Ramazani amelikalia. Leo ameshuka, akamwambia Charline apande.

"Hewa mubaya inalala chini, mwanangu. Weye kaa huko juu."

Charline akauliza, "Na weye, muzee?"

"Miye nimezoea."

Charline akapanda. Hakukataa mara mbili. Simlaumu. Kipande hicho hakikuonyeshwa kwa watu. Kilichoonyeshwa ni Charline ameketi juu na muzee yuko chini, na chini ya picha maandishi: Kijana amempindua mzee.

Jumapili, tarehe 15

Amekufa.

Sitaweza kuandika kwa utaratibu.

Watu wametoka kanisani, wamekula, wameshika simu. Kura: hewa, saa nzima. Rachel kaniandikia kabla ya kuanza kwamba amepiga kura mara ishirini mpaka mega za simu zimeisha. Kaweka vichwa vinavyocheka.

Mashine ikazimwa saa tisa na robo. Dakika ya kumi, hesabu ya Ramazani themanini na sita. Charline tisini. Dakika ya ishirini, Ramazani sabini na tisa. Nikamwambia Direkta atolewe. Akasema lazima avute mwenyewe, ndivyo kontra aliyotia sahihi inavyosema.

Dakika ya ishirini na nne akavuta. Kengele ililia. Nilisikia. Mwendesha winchi alisikia, akashika mkono wa winchi. Direkta akainua kidole. Matangazo ya biashara yalikuwa yanapita, akataka atolewe watu wakiwa wanaangalia. "Dakika mbili." Matangazo yakaisha, mtandao ukakatika. "Ngojeni, inarudi." Kengele ikalia tena, kidogo. Kisha haikulia.

Dakika kumi na moja.

Nilikuwa nimesimama na sanduku langu mkononi. Winchi ilikuwa hatua tano kutoka kwangu. Nilipiga kelele. Nakumbuka nilipiga kelele. Lakini miguu haikutembea. Nilingoja ruhusa. Mimi, mtu mzima, nilingoja mtu mwingine ashushe kidole chake.

Mwendesha winchi ndiye aliyeacha kungoja. Alimsukuma Direkta, akashuka mwenyewe na kamba. Charline kwanza, kwa sababu alikuwa anapumua. Kisha muzee. Nimembana kifua mpaka mikono imekufa ganzi. Kofia yake ya sala ilikuwa bado mfukoni.

Jumatatu, tarehe 16

Direkta ameniletea karatasi. Imeshaandikwa kwa mashine. Marehemu alificha ugonjwa wa moyo. Marehemu hakuvuta kamba. Mahali pa jina langu, mahali pa sahihi.

Macho yake yalikuwa mekundu. Alilia kweli, sitamsingizia. Mtu anaweza kulia kweli na kushika karatasi kama ile.

Nikasema, "Alivuta. Mara mbili."

Akasema kwa Swahili yake ile, taratibu, "Mama, weye ndiye uliandika kumi na tatu. Siku ile niliona mashine ya tansio. Kama siye tunaanguka, weye uko wa kwanza kuanguka."

Nikamwambia nitasaini nikitulia. Akaniachia. Sikuwa shujaa. Nilitafuta njia ya kutoka hemani, basi.

Mwili umeshapelekwa Bogoro kwa jeep, ili wawahi kumzika. Mchana wameonyesha kipindi cha kumkumbuka. Muziki wa pole. Wamesema mzee alikuwa na moyo wa chuma, alikataa kuvuta kamba mpaka mwisho, alichagua nyumba. Halafu Charline, mpira wa oksijeni puani, amepewa ufunguo.

Nimepanda lori la mbao linaloelekea Bunia. Sikuaga.

Jumatano, tarehe 18. Nyakasanza

Watu wananisalimia barabarani kama niliyetoka Ulaya. Muuza samaki kashika mkono wangu. "Pole, Docta. Lakini yule muzee naye! Alipenda nyumba kuliko roho yake." Wanawake watatu wakatikisa kichwa. Wamekwisha kumhukumu. Amekufa kwa tamaa, ndiyo habari iliyobaki mjini.

Nimemwambia Rachel kila kitu. Kengele, kidole, dakika kumi na moja. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

"Sikujua," akasema. "Nilifikiri ni mchezo. Nilifikiri muko na akili huko, hamuwezi kuacha mutu anakufa."

Nikamwambia mara ishirini, Rachel. Mpaka mega zimeisha.

Akaniangalia. "Na weye ulikuwa hatua tano."

Hatujasemezana tangu hapo. Kila mmoja kapika chakula chake. Nyumba ni ya vyumba viwili, na ina harufu za sufuria mbili.

Ijumaa, tarehe 20

Nimeandika kurasa mbili, kwa mkono. Kumi na saba, siyo kumi na tatu. Kinywa cha pili. Kengele. Nimeweka jina langu lote na sahihi. Sijazichana.

Jumamosi, tarehe 21. Bogoro

Nimekwenda kwa pikipiki. Mahindi yako kiunoni, ng'ombe wamejaa barabarani, vumbi. Nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Mke wake anaitwa Mama Zaina. Mwembamba, mrefu, amejifunga kitambaa cheupe. Alikuwa nyuma ya nyumba ya wenyeji wake akipepeta maharagwe. Alinitambua kabla sijasema jina. Aliniona kwenye simu siku zote zile. Akaniambia kwamba jirani ndiye aliyekuwa na simu, na kila saa tisa walimpa nafasi ya mbele kwa heshima, akae aone mume wake.

Siku ya mwisho pia alikuwa nafasi ya mbele. Picha ilikatika. Iliporudi, watu wote nyuma yake walinyamaza.

Nikaanza na kumi na saba. Nilitaka kuanza na kilicho changu. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Nikasema mpaka mwisho. Niliposema kengele, akainua uso.

"Sema tena."

"Alivuta kamba, mama. Alitaka kutoka. Ilikuwa bado dakika thelathini na sita, aliacha nyumba, akavuta. Akavuta mara ya pili. Siye ndio hatukumutoa."

Kuku wakaja wakala maharagwe kwenye ungo, hakuwafukuza. Siku hizi sita, akasema baadaye, watu wamekuwa wakimfariji kwa maneno mabaya. Mume wako alikuwa mwanaume, alikataa kushindwa. Imamu amehubiri juu ya tamaa bila kutaja jina. Na yeye usiku amekuwa akimgombeza marehemu: nani alikuambia nataka nyumba? Nani alikuambia niko nataka matofali kuliko weye?

"Basi alikuwa anarudi," akasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anarudi kwangu."

Akafunika uso na kile kitambaa. Hakulia kwa sauti. Nilipotaka kumgusa akasogea. Akachukua kurasa zangu mbili, akazikunja, akaziingiza kifuani. Akaniambia niende, jua lingali juu, barabara si nzuri.

Jumanne, tarehe mosi mwezi wa saba

Mama Zaina amepeleka karatasi parké, kwa mwendesha mashtaka. Amekwenda kwa miguu mpaka barabara kubwa, kisha lori. Peke yake. Nimeitwa, nimejibu masaa matatu. Mwendesha winchi naye amejibu. Direkta yuko Kinshasa, barua yake inasema yuko mgonjwa.

Centre ya afya imeniambia nibaki nyumbani mpaka mambo yaishe. Mkubwa wangu hakuniangalia usoni. Muuza samaki sasa hanioni.

Asubuhi alikuja Charline. Bado anakohoa. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kukopa. Akasema yeye pia alisikia kengele. Akasema aliona mkono wa muzee unavuta kamba, na mkono mwingine unamwonyesha yeye ishara: usishuke, baki juu.

Nikamwuliza kama atalisema hilo parké.

Alizungusha ufunguo kwenye kidole.

"Ile nyumba imeshaandikwa jina yangu, Docta. Watoto wangu wameanza kulala ndani."

Akaondoka bila kumaliza chai. Sikumfuata. Ningemwambia nini? Mimi nilikuwa hatua tano kutoka winchi.

Jumapili, tarehe 13

Katika parsele ileile kuna mstari tena. Mchezo mpya, kampuni ina jina jipya. Safari hii ni ziwani. Nimepita upande wa pili wa barabara na kuwahesabu bila kutaka. Zaidi ya mia. Mmoja aliniuliza, "Docta, tansio munapimia wapi?"

Rachel alikuwa nami. Alimwambia yule kijana arudi kwao. Akamwambia kwa ukali, akamwambia kwa nini, kengele na yote. Kijana akasikiliza kwa adabu. Akarudi kwenye mstari.

Njiani Rachel akashika mkono wangu. Tumekula sufuria moja leo.

Ijumaa, tarehe 25. Bogoro

Arobaini ya Ramazani. Sikualikwa. Nimekwenda tu, nimefika saa mbili asubuhi. Wanaume wako mbele ya nyumba wanasoma, wanawake nyuma kwenye moto. Imamu ametaja jina lake leo, amesema marehemu alivuta kamba ili arudi kwa watu wake. Wanawake waliacha kazi kumsikiliza.

Nilisimama karibu na ukuta, sikujua mahali pa kuweka mikono. Mama Zaina alinipita mara mbili na ndoo. Mara ya tatu akasimama.

"Sijakusamehe," akasema.

Nikasema najua.

Kisha akaninyoshea kisu, mpini ukiwa upande wangu. "Kaa pale. Mihogo iko mingi."

Nimekaa kati ya wanawake wawili nisiowajua. Wakasogeza ndoo karibu nami. Nimemenya mpaka saa saba.